Daftari la Chikanda

Nilijifunza kuzidisha kwenye daftari la mama, kabla mwalimu hajafika huko darasani. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mwaka 2004 nilikuwa na miaka tisa, na tuliishi Makambako, vyumba viwili vya kupanga karibu na stendi. Jioni mama akirudi ananiita, "Haya karani, njoo," nami nakaa kwenye mkeka na kuandika anachonitajia: magunia mangapi yameingia kutoka Makete, madebe mangapi yameuzwa hapa hapa, magunia mangapi yamepanda basi la Tunduma. Juu ya kila ukurasa alitaka niandike neno moja kwa herufi kubwa: VIAZI.

Watu wa Njombe tunavijua viazi. Tunavilima, tunavila asubuhi na jioni, tunavipakia malori yaendayo Dar es Salaam. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba vile havikuwa viazi. Ilikuwa chikanda.

Kwa asiyeijua, chikanda ni viazi vidogo vinavyokaa chini ya okidi za porini. Vingine ni saizi ya kidole gumba, vingine vinakaribia yai dogo la kuku wa kienyeji. Zambia huvikausha, huvitwanga, huchanganya unga wake na unga wa karanga, magadi na pilipili, wakapika mpaka ushikane, kisha wakaukata vipande kama mkate. Kule ni kitafunwa cha sokoni na cha harusini. Kwetu haikuwa hivyo. Bibi alisema wazee wake waliikumbuka chikanda mwaka wa njaa tu, mvua ikirudi wanaisahau. Soko lilitoka ng'ambo, na jina nalo likaja na soko. Zambia walipoanza kutembea mbali zaidi kuitafuta kwao, wanunuzi waligeuza macho upande wetu.

Na mzigo ukishageuziwa macho, Makambako inaujua pa kuupeleka. Ni mji wa njia panda na upepo. Barabara ya kutoka Dar kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapo na ile iendayo Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Mama ni Mkinga, na watu hutania kwamba Mkinga huzaliwa ameshika ufunguo wa duka. Yeye hakuwa na duka. Alikuwa na kona ya stendi, sado mbili za kupimia, na mama yake mzazi aliyekaa kijiji cha Makete, chini ya uwanda wa Kitulo.

Likizo nilipelekwa kwa bibi, na huko ndiko nilikoona kilichokuwa nyuma ya hesabu zangu. Bibi alitoka alfajiri, kabla ukungu haujapanda, na kijembe kilichochakaa mpaka kikawa kama kijiko. Alinifundisha kwamba ukifukua okidi utakuta viazi viwili vimekaa pamoja. Kimoja kimelegea na kusinyaa, maana mmea wa mwaka huu umekwisha kukila. Cha pili ni kigumu, kimejaa, na hicho ndicho mmea wa mwaka kesho. Mnunuzi anataka kile kigumu. Bibi aliviita mama na mtoto.

"Tunachukua mtoto," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekueleza namna ya kumenya ndizi.

Alikuwa na kanuni zake mbili. Ya kwanza, hachimbi mpaka ua likauke na ganda lake lipasuke, mbegu zitoke. Mbegu za okidi ni kama vumbi, upepo wa kule unazibeba zisionekane. Ya pili, okidi mbili zikisimama jirani anachimba moja, nyingine anaiacha. Kanuni hizo hazikuandikwa popote na hazikuwa na askari. Zilikuwa na bibi, na wanawake wa umri wake waliotoka naye alfajiri.

Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 412.9, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea pale, na kati yake aina 45 za okidi. Sisi tulikuwa sehemu ya sababu ya kuanzishwa kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivuka kwenda Zambia kila mwaka kutoka kusini mwa Tanzania. Nilikuja kuusoma nikiwa chuo, maktaba, usiku. Ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya kitaalamu iliyotulia, na mimi nilikuwa nasoma habari za mkeka wetu. Ukiwa mtoto huwezi kujua kwamba wewe ni sehemu ya takwimu ya mtu.

Baada ya hapo kuchimba juu ya uwanda kukawa kosa la jinai. Bibi hakubishana. Alihamia kwenye nyasi za kijiji, nje ya mpaka, na wenzake wote wakahamia hapo hapo. Eneo likawa dogo, mikono ikawa mingi, na bei Tunduma ikapanda. Kanuni ya jirani ndiyo iliyokufa kwanza, kwa sababu ukimwacha jirani leo, kesho mwenzako anamchukua.

Kanuni ya kusubiri mbegu ilikufa Januari 2009. Najua mwezi kwa sababu ilikufa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kidato cha kwanza shule ya bweni, na orodha ya mahitaji ilikuwa ukurasa mzima: sanduku la bati, godoro, sare jozi mbili, ndoo, ada, michango. Mama alikuwa na sanduku na ndoo. Bibi alishuka Makambako na magunia mawili. Tulipoyafungua, viazi vingi vilikuwa bado vina mashina yake, mabichi, na kwenye mashina kulikuwa na maua ya zambarau na ya njano yaliyosinyaa. Januari ndio mwezi okidi zinachanua. Bibi alikuwa amechimba ua likiwa wazi.

Hakuna aliyesema neno. Tulikaa wanawake watatu tukakata mashina kwa visu, maua tukayafagia uani. Jumatatu nikaenda shule na godoro jipya.

Februari 2017 nilipanda Kitulo kama mtalii. Tulikuwa wanafunzi sita wa chuo, tumechanga nauli, tukapitia Chimala na ile barabara inayoitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake. Tulilipa kiingilio cha Watanzania, tukakabidhiwa mwongozaji, tukatembea. Wenyeji wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu, na mwezi ule hakuna anayeweza kubishana nao. Ungesimama mahali pamoja ukahesabu rangi mpaka uchoke. Wenzangu walikuwa wakipiga picha wamelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande. Mimi nilijikuta natazama chini ya majani, na mkono wangu unajua kabisa kijembe kingeingilia upande gani.

Mwongozaji alipoeleza habari za chikanda, rafiki yangu mmoja alicheka. "Hivi ni watu gani wanakula maua?"

Nilikuwa na jibu. Ningeweza kusema: hawakula, waliuza, na mimi ndiye niliyekula. Nikainua simu nikapiga picha. Nilishuka na picha zaidi ya 60.

Moja niliituma kwa mama ili amwonyeshe bibi. Ilikuwa okidi ya njano, ndefu, imesimama peke yake. Jioni mama akanirushia jibu la bibi kwa sauti, na nyuma yake naisikia redio. "Huyo ameshiba," bibi anasema. "Mwambie asikanyage kulia, pale lazima kuna mwingine."

Miaka imepita, lakini kile kicheko cha rafiki yangu, na kimya changu, vilibaki vikinisumbua. Jibu la sehemu nililipata mahali nisipotarajia, kwenye habari za kaa.

Binti wa mama yangu mkubwa anaishi Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, anafanya kazi ya kutunza wazee. Alinitumia ujumbe mrefu wa sauti akisimulia jinsi rafiki zake wa kazini walivyompeleka baharini kutega kaa. Kaa wa kule, wanaoitwa Dungeness, ni wakubwa kama sahani. Mvuvi wa kujifurahisha hununua leseni na kupewa kadi. Ruhusa ni kaa watano kwa siku, madume tu, waliokomaa na wenye gamba gumu, na kila anayemchukua anamwandika kwenye kadi palepale, kabla hajatega tena. Dada yangu alichekeshwa na kadi. "Mtu mzima anajaza fomu ya kaa!" Kisha akasema jambo jingine. Jirani yake, mzee mmoja, hulalamika kila msimu kwamba makabila ya wenyeji wa asili wanapewa nusu.

Hiyo nusu ikanishika. Nikaanza kuifuatilia.

Mwaka 1854 na 1855 makabila ya eneo lile yalitia saini mikataba na serikali ya Marekani. Walitoa ardhi kubwa sana, wakabakiza haki ya kuvua mahali walipozoea kuvua, pamoja na raia wengine. Kwa zaidi ya miaka 100 haki hiyo ilibaki kwenye karatasi. Billy Frank Jr., wa kabila la Nisqually, alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945, akiwa na miaka 14, kwa kosa la kuvua samoni kwenye mto wa kwao. Alikamatwa zaidi ya mara 50 maishani mwake. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba neno "pamoja" katika mikataba ile lina uzito wa kupimika: makabila wana haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa bila kuharibu kizazi. Mwaka 1994 Jaji Edward Rafeedie alitoa uamuzi kama huo kwa kaa, chaza na jamii zao. Billy Frank, yule aliyekuwa akikamatwa, aliongoza tume ya uvuvi ya makabila kwa miaka mingi, akikaa meza moja na jimbo lililokuwa likimkamata.

Siisimulii hadithi hii kama peponi. Yule mzee jirani bado analalamika, na samoni wa kule wamepungua kwa sababu ambazo hakuna nusu inayoweza kuzitibu. Kilichonigusa ni kitu kidogo kuliko hicho. Kabla msimu wa kaa haujafunguliwa, wataalamu wa jimbo na wataalamu wa makabila wanakubaliana. Wakati wa msimu kila upande unahesabu wanaovuliwa na watu wake, na hesabu zinabadilishana mikono. Ile kadi iliyomchekesha dada yangu ni kipande cha hesabu hiyo. Anayevua kwa ajili ya kula, anayevua kwa ajili ya kuuza na anayevua kwa ajili ya Jumamosi yake, wote wameandikwa mahali fulani.

Najua chikanda si kaa. Kaa jike unamrudisha majini akaendelea kuzaa, okidi iliyofukuliwa haina pa kurudi. Bibi alijaribu kuzipanda nyuma ya jiko, kwenye ndoo, kwa udongo wa kule kule. Hazikuota. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula ndani yake. Inategemea kuvu fulani wa ardhini waishike mkono, na kuvu hao huwezi kuwabeba kwenye ndoo ukiwa na uhakika. Watu wanaosema "si mlime tu" hawajawahi kujaribu. Tena Wakinga hawana mkataba wa 1855, na soko letu halikuwa chakula cha mababu. Lilikuwa pesa ya mgeni, tena pesa inayovuka mpaka kwa siri, wakati familia nzima ya okidi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini swali la nusu lilikataa kuondoka. Kitulo ina wavunaji wa aina mbili. Mmoja anakuja na kijembe, mwingine anakuja na simu, na mimi nimekuwa wote wawili. Ua linabaki baada ya simu, halibaki baada ya kijembe, hilo silibishi. Ninachojiuliza ni kwa nini aliyekuja na simu aliandikwa jina lake kwenye kitabu cha wageni, na aliyekuja na kijembe hakuandikwa popote ila kwenye makadirio.

Julai iliyopita nilikuwa Njombe. Bibi siku hizi anaishi na mama, mjini, magoti yamemkataza Makete. Julai ya Njombe mnaijua: asubuhi nyasi nyeupe kwa sakitu, watu wamejifunga mablanketi sokoni. Tulikaa jikoni tumelizunguka jiko la mkaa, nikawasimulia habari za kaa na nusu. Nilisimulia vizuri. Nilikuwa nimejiandaa.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akageuza kiazi kwenye makaa.

"Hiyo nusu wangenipa mimi mwaka ule unaenda shule," akasema, "ningeimaliza, nikaingia na kwenye nusu yao."

"Bibi!"

"Ulikuwa na sanduku huna godoro. Unataka nikudanganye?"

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuja na haki mkononi, na mwenye haki ananiambia asingeweza kuibeba.

"Sikulilia nusu," akaendelea baada ya kimya. "Pale juu sisi tulikuwa tunajua kila bonde. Lipi limechoka, lipi limepumzika, lipi hata ukichimba mwaka mzima haliishi. Wangekuja wakaniuliza, ningewapeleka kwa miguu yangu. Hata kama baadaye wangeniambia, bibi, basi, pumzika. Mtu uliyemuuliza unaweza kumwambia basi."

Mama aliinuka akaenda chumbani. Nilisikia bati likikwaruza sakafu. Akarudi na daftari lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Lilikuwa ndani ya sanduku langu la shule miaka yote hii, chini ya vitenge.

"Nilitaka kulichoma mara mbili," akasema. "Niliogopa lisije likanifunga."

Mwandiko ulikuwa wangu wa miaka tisa, herufi zimelala kushoto. Kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 2004, pembeni, nilikuwa nimeandika kwa kujifurahisha kwangu: sado 1 = 214. Nakumbuka siku hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, nikavihesabu kimoja kimoja kwa kukosa mchezo. Sado tano ni debe, madebe sita ni gunia. Nikachukua kalamu. Gunia moja, viazi 6,420. Mwaka ule mama alipandisha kwenye basi magunia saba. Viazi 44,940. Na kwa kuwa kila kiazi kigumu ni mmea mmoja wa mwaka kesho, nilikuwa natazama okidi 44,940 kwenye ukurasa mmoja wenye madoa ya mafuta ya taa, chini ya neno VIAZI.

Nilimsomea bibi namba ile. Alikaa nayo muda.

"Ni nyingi," akasema.

"Ni nyingi, bibi."

"Zilitoka wapi, umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Mama hakuwahi kunitajia mahali, alinitajia magunia tu. Bibi akaniambia nichukue kalamu tena, nichore mstari pembeni ya ukurasa, halafu akafumba macho akaanza kutaja. Bonde, kijito, mgongo wa kilima. Mahali pengine alitaja mwaka walipoanza kuchimba na mwaka walipoacha kwa sababu hapakuwa na kitu. Mahali pengine alisema, "Hapo nadhani bado zipo, sisi hatukupafikia." Alienda taratibu, mmoja mmoja, na mimi nikaandika kama zamani, isipokuwa sasa herufi zangu zimesimama wima. Kiazi cha kwenye makaa kiliungua bila mtu kukigusa.

Sijui bado nitalipeleka wapi daftari hili. Kuna watu wanaohesabu okidi za Kitulo, na nadhani wangependa kujua yaliyotokea kwenye mabonde yale kabla hawajafika. Nilimwambia mama hivyo.

"Majina ya watu usiandike," mama akasema haraka. "Andika mahali tu. Watu usiwaandike."

Nikakubali. Nikaanza kufuta jina la kwanza, la mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka alfajiri na bibi, marehemu sasa.

Bibi akafumbua macho. "Hao waache," akasema. "Lakini mimi niandike."